Chongo wa Machimbo ya Mawe

Jicho la kushoto lilimtoka siku ya Jumanne, jua likiwa bado la asubuhi na kikombe chake cha chai kikiwa bado kinafuka mvuke. Alikuwa ameketi juu ya gunia, kama wanawake wote wa machimboni walivyoketi, amelibana jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto kwa kipande cha tairi, nyundo inapanda, nyundo inashuka. Kazi ndiyo hiyo: wanaume wanavunja mwamba, wanawake wanavunja walichovunja wanaume, mpaka kiwe kokoto za kujaza debe. Alikuwa na miaka minne katika kazi hiyo, na mikono ilikwisha kuizoea kiasi kwamba mdomo ulibaki huru kwa soga. Asubuhi hiyo alikuwa anacheka. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ameketi mkono wake wa kulia, anamsimulia jinsi jirani yao alivyompa kipigo mbuzi wake mwenyewe akidhani ni mwizi. Akainua uso kumtazama msimuliaji, nyundo ikashuka peke yake. Kipande kikaruka. Hakikuwa kikubwa, punje ya mchele tu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Wifi, nimeingiwa na vumbi," akalifikicha. Wifi yake alipogeuka na kuona kinachotiririka shavuni, kwamba si machozi na wala si damu tupu, alitupa nyundo yake akaanza kuita watu.

Hospitalini, daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi asiyependa kuzungusha maneno.

"Hili siwezi kuliokoa, mama. Nikiliacha litaoza, na litaondoka na mwenzake. Nitalitoa."

"Na mwenzake atapona?"

"Mwenzake haumwi. Lakini ukirudi kwenye mawe uso wazi, tutaonana tena hapa, na siku hiyo utakuja umeshikwa mkono."

Msimamizi wa machimbo alikuja kumwona nyumbani na mkate chini ya kwapa. Alisimama mlangoni bila kuketi. "Pole sana, mama. Ila ndivyo kazi zilivyo. Mpishi huungua, dereva hugonga. Hakuna aliyekurushia jiwe." Akaweka mkate juu ya meza akaondoka, na hiyo ndiyo fidia aliyoipata, mkate wenyewe ukiwa umelala siku mbili dukani.

Watu walianza kumwita Chongo hata kabla bandeji haijafunguliwa. Mwanzoni ilimchoma. Baadaye aliwaambia waache kumwonea haya wakimwita hivyo, kwa kuwa jina ulilolilipia kwa nyama yako huwezi kulirudisha dukani. Wifi yake peke yake ndiye aliyeweza kumchekesha kwa hilo. "Akipenda, chongo huita kengeza," alisema siku moja akimfunga kitambaa usoni. "Kaka yangu angekuwa hai, angeapa mbele ya watu kwamba mkewe ana kengeza tu, tena kwa mbali."

Lakini kaka hakuwa hai. Yeye alikuwa mchonga mawe, wale wanaokata mwamba kwa tindo na kuunyoosha uwe jiwe la kujengea, lenye pande sita na pembe zake. Kazi ya heshima, yenye malipo mazuri kuliko kokoto mara tatu, na inayoua taratibu. Vumbi lilimjaa mapafuni. Mwaka wake wa mwisho hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, anapumua kama mtu anayepanda ngazi isiyokwisha. Alikufa na miaka thelathini na sita. Alimwacha mkewe na binti wa miaka sita, nyumba ya vyumba viwili, na mama yake mzazi, bibi mkali wa maneno aliyeona kwamba kila linalotokea duniani lingeweza kuzuiliwa kama watu wangemsikiliza yeye.

Baada ya jicho, Chongo alijaribu kukaa mbali na mawe. Alifua nguo za watu, lakini wenye watoto wachanga hawakutaka aingie uani. Walisema jicho moja halikosi kijicho. Aliuza mboga, mboga zikamnyaukia mezani. Mwezi wa pili, binti alianza kurudi kutoka shuleni mchana na kulala bila kuuliza chakula, kwa sababu mtoto naye huelewa. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, jicho lilikwisha kwenda. Tumbo bado lipo."

Kwa hiyo alirudi. Ila alipitia kwanza kwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa na duka la geti barabarani, akamwomba miwani yoyote asiyoitumia. Fundi akampa moja kubwa ya plastiki, kioo cha kushoto kimepasuka.

"Hii mbovu, mama."

"Si mbovu. Upande uliopasuka hauna mwenyewe."

Machimboni walimcheka mpaka wakashika mbavu. Wakamwita rubani. Wakamwuliza ndege inaondoka saa ngapi. Wapakiaji wa lori walipita wakimpigia saluti. Hakujibu, maana alikuwa na shida nyingine iliyokuwa kubwa kuliko kuchekwa. Mwenye jicho moja haoni umbali. Jiwe lilionekana hapa, nyundo ikaangukia pale. Wiki ya kwanza alijiponda kidole gumba, wiki ya tatu akakiponda cha shahada mpaka ukucha ukang'oka. Wifi yake alimsogezea mawe yaliyokwisha kupasuliwa ili apunguze kupiga, akijifanya ni yeye aliyechoka nayo. Pole pole Chongo akajifunza kugusa kabla ya kupiga, na kusikiliza kabla ya kugusa. Akagundua jambo ambalo miaka minne yenye macho mawili haikumwonyesha: kila jiwe lina sauti. Jiwe zima, ukiligonga kidogo, hulia. Jiwe lenye ufa ndani hunung'unika kama mtu aliyenuna. La kulia lilihitaji mapigo kumi. La kununa, ukijua pa kupiga, lilifunguka kwa mawili.

Hilo ndilo lililompeleka kwa mzee aliyekuwa akichonga mawe pamoja na marehemu mumewe. Wote walimwita Fundi. Alikuwa amebaki mwenyewe katika kundi la wachongaji saba. Wengine sita vumbi lilikuwa limewachukua au limewalaza. Naye alikuwa akikohoa.

"Fundi, nifundishe kuchonga."

Fundi hakuinua kichwa. "Shemeji, umepungukiwa jicho, usipungukiwe na akili. Hii kazi imemuua mumeo."

"Kokoto nazo zinaniua. Afadhali nife kwa bei nzuri."

"Mwanamke hachongi."

"Nani alisema?"

Fundi alifikiri. Ikawa wazi kwamba hamkumbuki aliyesema. Akamsukumia tindo yenye ncha butu. "Anza na hiyo. Ukijikata sijui nitamwambia nini mama mkwe wako. Mimi yule bibi namwogopa."

Ilimchukua mwaka na zaidi. Fundi alimfundisha kusoma mwamba kwa nyundo ndogo: kugonga, kusikiliza, kusogea shibiri moja, kugonga tena. Alimfundisha kulowesha jiwe maji kabla ya kulikata ili vumbi lisipande, jambo ambalo Fundi mwenyewe alilijua siku zote na hakuwahi kulifanya kwa sababu maji yalikuwa mbali. Chongo alibeba maji. Alifunga kitambaa kilicholowa puani. Mawe yake ya kwanza yalikuwa na matumbo kama mikate. Mnunuzi aliyageuza kwa mguu akaondoka. Mwezi wa kumi na nne, waashi wawili walisimama mbele ya rundo lake, wakaweka pembe ya chuma kwenye jiwe la kwanza, la pili, la tisa, na mmoja akamwuliza Fundi, "Haya ya nani?" Fundi akaelekeza kwa kidevu. Yule mwashi akatazama miwani, akatazama gauni, akasema, "Basi tupe yote."

Siku hiyo alimnunulia binti viatu, na wifi yake akacheza katikati ya kokoto hadi msimamizi akaja kuwatawanya.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Haikuishia.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku tisa mfululizo na machimbo yakafungwa. Siku ya kumi jua lilipotoka, watu wote walikuwa pale asubuhi na mapema, wana njaa ya siku tisa. Ukuta mkubwa wa machimbo ulikuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na kwa juu ulikuwa umetokeza nje kama paji la uso. Mvua ilikuwa imeangusha kifusi kingi chini yake, mawe madogo madogo yaliyokwisha kujivunja yenyewe. Kwa mvunja kokoto hiyo ni kama kukuta ugali umepikwa. Wanawake walikimbilia huko na madebe yao.

Chongo alikwenda na nyundo ndogo. Aligonga ukuta usawa wa kifua. Akasogea, akagonga. Mahali ambapo kabla ya mvua palikuwa panalia, sasa palitoa sauti ya chungu kilichopasuka. Aligonga sehemu kumi na moja. Kumi zilinuna.

Alikwenda kwa msimamizi. "Ukuta umeachana na mlima. Watoe watu."

"Umeuona ufa?"

"Nimeusikia."

Msimamizi akacheka, si kwa ubaya, kwa uchovu. "Chongo, mwenye macho mawili sijaona kitu, wewe mwenye moja umesikia. Malori matatu yanasubiri. Nenda kachonge mawe yako."

Akamtafuta Fundi, Fundi hakuja siku hiyo, kifua kilimbana. Akarudi chini ya ukuta na kuanza kuwaambia wanawake mmoja mmoja. Baadhi walimsikiliza wakabeba madebe yao na kusogea, wakimtukana kwa kuwaharibia siku. Saba walibaki. Wifi yake alikuwa kati yao, debe la tatu limefika nusu.

"Wifi, tafadhali, toka hapo."

"Nimalizie hili."

"Acha hilo."

Wifi yake aliweka nyundo chini. Hawakuwahi kugombana tangu siku ya harusi, na labda ndiyo maana hawakujua namna ya kugombana kwa kiasi. "Wewe una mawe yako ya pande sita. Unaweza kuchagua pa kukaa. Mama nyumbani leo siku ya tatu anakunywa uji wa chumvi, na mimi nimechoka kulishwa na mke wa kaka yangu kama kuku. Tangu ushike hiyo tindo umekuwa mkubwa wa kila mtu. Niache."

Chongo alisimama. Angeweza kusema mengi. Alisema, "Haya," akageuka, kwa sababu maneno yalikuwa yamemwingia, na alitaka aende mbali kidogo ambako watu wasingemwona akifuta jicho lake moja chini ya miwani. Alipiga hatua kama arobaini.

Ukuta haukutoa mlio mkubwa mwanzoni. Ulitoa pumzi. Kisha paji la uso likainama na kuanguka.

Vumbi lilipotulia, watu walikuwa wakikimbia huku na huko, wengine wakipanda juu ya rundo na kulishindilia. Chongo aliwapigia kelele washuke, wanyamaze. Walinyamaza, hata wapakiaji, hata msimamizi aliyekuwa ameshika kichwa. Akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye mawe. Akasogea. Akaweka tena. Mahali pa nne alisikia: nyundo, ndogo, inagonga chuma. Tatu, kimya, tatu.

"Hapa. Kwa mikono. Mtu asitumie sururu."

Walichimba mpaka jua likawa utosini. Kila mara alilala na kusikiliza na kuwaonyesha: kushoto, chini zaidi, hapa. Mgongaji waliyemfikia alikuwa msichana mdogo kuliko wote machimboni, mwenye miaka kumi na minane, ambaye walimwita Kitinda. Mguu wake ulikuwa umebanwa, lakini alikuwa hai, na alikuwa akigonga debe. Debe lenyewe lilikuwa la wifi. Wifi yake Chongo alikuwa amelala juu yake, mgongo ukiwa umepokea kile ambacho kingempata Kitinda. Mkono wake ulikuwa bado na joto.

Katika saba walitoka hai wawili.

Walipomleta marehemu nyumbani, mama mkwe hakulia. Alimwosha binti yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa na mtu. Matanga yalipokwisha na wageni kuondoka, alimwita Chongo chumbani, akamwelekeza aketi mkekani.

"Wananiambia ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Na ulisema."

"Nilisema. Kwa msimamizi, na kwake yeye."

Bibi akatazama mikono yake. "Kusema si kuvuta. Mwanangu alikuwa mkaidi tangu tumboni, ulimjua. Ungemvuta. Ungemshika nywele ukamburuta, akakuchukia mwaka mzima, nami leo ningekuwa na mtoto anayekuchukia."

Bibi hakuyarudia maneno hayo, wala hakuomba radhi kwa kuyasema. Waliendelea kuishi katika vile vyumba viwili, wakipikiana, wakiulizana hali, na hilo likiwa kati yao.

Siku ya nane baada ya mazishi, msimamizi alituma watu mitaani: kazi inaanza. Nusu ya ukuta ilikuwa bado imesimama, nayo imetokeza vilevile. Chongo alifika kabla ya wote. Aliulaza mtaimbo katikati ya njia ya malori, akauketia.

Wanawake walipofika walimkuta hapo na miwani yake usoni. Hakuwahutubia. Alisema, "Leo hapiti mtu. Anayetaka kupita anipige." Mmoja akaketi kando yake, kisha wa pili. Kufikia saa tatu walikuwa sita. Wengine ishirini na zaidi walisimama pembeni wakinung'unika, kwa kuwa njaa haikufa pamoja na waliokufa.

"Chongo, umeziba njia," alisema msimamizi.

"Ndiyo."

"Nitaita polisi."

"Waite. Waje wasimame pale chini ya ukuta. Wakisimama mpaka jioni, nitaondoka."

Polisi walikuja wawili. Wakautazama ukuta, wakatazamana, wakakumbuka kwamba wana shughuli kituoni.

Waliketi siku nne. Siku ya pili walikuwa kumi na tatu. Siku ya nne mama mkwe alitoka nyumbani kwa fimbo, mwendo wa saa nzima, akaja kuketi karibu na mke wa mwanawe bila salamu. Siku ya tano mwenye machimbo alifika na gari lake, akashuka, akaangalia. Alikuwa mtu wa mahesabu, si mtu mbaya wala mwema. Kuuangusha ukuta salama kungemchukua mwezi. Kilima kingine, upande wa pili wa mji, kilikuwa kinauzwa. Akaamua. Wiki hiyohiyo alihamisha mashine, malori na msimamizi, akafunga machimbo kwa mnyororo.

Walikuwa wameshinda, na hakuna aliyekuwa na kazi.

Huo ndio mwaka ambao Chongo hapendi kuusimulia. Mtu alimwaga uchafu mlangoni kwake. Sokoni wanawake waliokuwa wamekaa naye kwenye mtaimbo walimpa mgongo. "Ametuokoa tufe kwa njaa," walisema. Binti alikaa nyumbani mihula miwili. Kitinda, mguu ukiwa umeungwa vibaya, alitembea akichechemea kutoka nyumba hadi nyumba kutafuta kazi ya kufua, akarudi mikono mitupu. Alikuwa anakuja kwa Chongo jioni, anaketi naye, kwa sababu wote wawili walikuwa na mtu mmoja wa kumfikiria.

Ni Fundi aliyewakumbusha shimo la zamani nyuma ya kilima. Lilikuwa limeachwa kabla wao hawajazaliwa. "Mwamba wake mgumu," alisema kati ya kikohozi na kikohozi. "Haufai kokoto. Mwenye haraka hautaki. Lakini kwa kuchonga, shemeji, ule mwamba hukatika sawasawa kama sabuni ya mche. Na ukuta wake mfupi, hauui mtu."

Shimo lilikuwa mali ya serikali. Chongo na Kitinda walikwenda ofisi ya ardhi miezi minane, kila Jumatatu, mmoja chongo, mmoja kiguru, mpaka mlinzi akawa anawawekea benchi. Karani alikuwa na swali lake moja alilolipenda.

"Na mwanamume wenu yuko wapi? Wa kusaini?"

"Tulimzika," alijibu Chongo kila mara. Jumatatu ya mwisho karani alichoka kuuliza, akagonga muhuri.

Walianza wanawake watano. Hakuna aliyejua kuchonga isipokuwa Chongo, na Chongo hakuwa mwalimu mpole. Sheria zake zilikuwa tatu, na hazikuwa na msamaha. Kila asubuhi ukuta unagongwa wote kabla ya mtu kushuka. Hakuna jiwe linalokatwa likiwa kavu. Asiye na miwani hashiki nyundo, hata kama ni mgeni wa dakika mbili. Mwanamke mmoja alivua yake kwa sababu ya joto. Chongo alimshika mkono mbele ya wote, akamtoa shimoni na kumfukuza kwa siku tatu. Mwanamke alilia, akasema ana watoto. "Ndiyo maana," alisema Chongo.

Mawe ya kwanza hayakupata mnunuzi miezi mitatu. Kisha wale waashi wawili wa zamani walikuwa wanajenga wodi ya wazazi, wakakwama mawe, wakakumbuka gauni na miwani. Walichukua yote, wakaagiza mengine. Kutoka hapo kazi haikukauka kabisa, ingawa ilikuwa na miezi yake mibaya. Waliofika kujifunza waliongezeka: wajane, walioachwa, binti mmoja aliyefukuzwa shule kwa mimba, na baadhi ya wale waliompa mgongo sokoni. Hao wa mwisho Chongo aliwapokea bila neno. Kufikia mwaka wa sita walikuwa ishirini na saba, na wote, ukiwaona kwa mbali wakiwa na miwani na vitambaa vilivyolowa, ungedhani ni kundi la nyuki wakubwa.

Fundi hakuyaona hayo yote. Alikufa mwaka wa pili, ameketi, kama wenzake. Mama mkwe alimfuata mwaka wa nne, kwa uzee tu, jambo ambalo Chongo alilihesabu kama ushindi.

Ndipo wakaja watu wa mjini. Palikuwa na sherehe ya wanawake, ukumbi mkubwa, viti vya plastiki mia tatu, na mshereheshaji mwenye sauti ya asali. Chongo aliwekwa mbele, akavishwa kitenge kipya. Mshereheshaji akamtambulisha: mama wa chuma, aliyepoteza jicho lakini hakupoteza ndoto, aliyewashinda matajiri, mfano kwetu sote. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Akapewa kipaza sauti, akakishika mbali kidogo na mdomo, kama mtu anayeshika kitu cha moto.

"Ahsanteni," alisema. "Mmenipigia makofi, nami sijui kama nayastahili. Mimi nilimwacha wifi yangu chini ya ukuta. Nilijua utaanguka. Alinisema vibaya, nikakasirika, nikaondoka. Hatua arobaini. Nimezihesabu mara nyingi. Haya mengine yote mliyoyasikia niliyafanya baadaye, kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Sasa kama kuna mtu hapa anayefanya kazi mahali ambapo anajua pataanguka, hata kama si mawe, asinipigie makofi. Aende akawatoe watu. Wakikataa, awavute. Watamtukana. Matusi hayaui."

Akarudisha kipaza sauti. Mshereheshaji akatafuta la kusema, hakulipata, akaita kwaya.

Baadhi ya waandaaji hawakufurahi. Walisema ameharibu shangwe. Alirudi nyumbani akavua kitenge, akakikunja, akampa binti yake, ambaye sasa alikuwa mwanamke mrefu anayesomea uashi na kubishana na wanafunzi wenzake wa kiume kuhusu mchanga.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, wanawake wanne waliokuwa na vumbi hadi kwenye kope walisimama juu ya shimo asubuhi, hawakuthubutu kushuka. Kitinda, ambaye ndiye anayegonga ukuta siku hizi kwa kuwa jicho lililobaki la Chongo limeanza kuingiwa na ukungu, aliwapandia akichechemea na kuwauliza wanataka nani. Walitoka machimbo mengine, mwendo wa nusu siku. Mkubwa wao alikuwa amekuwepo ukumbini, amesimama nyuma kabisa karibu na mlango.

"Dada," alimwambia Chongo, "kwetu kuna ukuta. Tangu mvua ya juzi unatoa mchanga mwembamba, kidogo kidogo, kama unga kwenye chekecheo. Msimamizi anasema si kitu. Tuna wenzetu thelathini chini yake sasa hivi."

Chongo hakumngoja amalize. Aliwaita wawili katika wanawake wake wenye mikono yenye nguvu, akamwachia Kitinda shimo, akachukua nyundo ndogo na mtungi wa maji. "Tutembee," alisema. "Njiani mtaniambia nani kati ya hao thelathini ni mkaidi kuliko wote. Huyo tutaanza naye."